Irabu

Kabla ya Makadara, Badi alikuwa na majina mengi.
Mwalimu wa chekechea: mtukutu.
Bi Mwanatumu, mamangu: kiburi cha kina babake hicho.
Shangazi akalaumu simu. Jirani akaleta maji ya kusomewa,
tukamnywesha, akatutemea.
Daktari wa mtaani, dakika nne, macho hakuinua,
akaandika neno refu. Nililikunja nikalitia kifuani,
likaniwasha hadi Likoni.

Bi Mbeyu hakuandika neno.
Aliketi sakafuni na koti lake jeupe,
akamwachia Badi vifuniko vya chupa,
akaniuliza mimi: "Huuma lini?"
Kila wakati, nikasema.
"Hakuna mtoto aumaye kila wakati. Hata mbwa hulala."
Akanipa daftari na siku kumi na nne:
niandike, kabla ya meno, kulikuwa na nini.

Mwandiko wangu ni wa darasa la sita, mniwie radhi.

*Jumatatu. Kasema i-i. Nikamwambia pipi hakuna. Kaniuma.*
*Jumatano. I-i. Pipi hakuna! Kavunja kikombe.*
*Ijumaa. O-o, o-o, kashika ukuta. Nakaanga viazi. Kajikojolea. Nimempiga.*
*Jumamosi, kivukoni. Mlinzi kapuliza firimbi, watu wote wakasimama, Badi akaendelea kwenda. Nimempiga tena.*
*Jumapili. Honi ya feri. Kashtuka, kaziba masikio.*

Alilisoma lote, akarudi nyuma, akalisoma tena.
Kalamu ilisimama penye firimbi,
ikatembea polepole hadi penye honi.
"Anasikia," nikamwahi. "Mlango ukibamizwa hugeuka.
Na *mama* husema, safi kabisa!"
"M ni nzito," akasema, "hunguruma kifuani. Honi vilevile.
Lakini s, f, k, t, ch ni chenga.
Huenda chekeche lake lashika punje kubwa tu,
chenga zote zaanguka chini.
Sisemi nimejua. Nasema tumpime."

Kijumba cha kuta za sponji.
Masikioni, nusu mbili za dafu jeusi.
Kila asikiapo, atie kifuniko kikoponi.
Sauti nzito: kifuniko.
Nzito: kifuniko.
Kisha mashine ikapanda, ikawa nyembamba,
na mkono wa mwanangu ukabaki hewani
umeshika kifuniko chekundu,
unangoja,
unangoja kwa adabu,
mtoto niliyeambiwa hana subira.

Hapo kwenye benchi nikaanza kuhesabu.
Kiti: i-i.
Choo: o-o.
Baba, kaka, dada, paka: a-a, a-a, a-a, a-a.
Miaka mitatu na nusu alinipa kila kilichomfikia,
hakunificha hata kimoja,
nami namkaripia, sema vizuri.
Lugha yetu ina irabu tano.
Zote tano alikuwa nazo.

Nilitaka Bi Mbeyu anipe jina, nimrushie Bi Mwanatumu usoni.
"Bado," akasema. "Tutarudia baada ya wiki sita.
Na huku kuuma, sikio huenda lisiwe habari nzima."
Penye nafasi ya ugonjwa akaandika kwa penseli.
Penseli! Nilikaribia kukasirika.
Sasa naona ile ndiyo heshima ya kwanza
mwanangu kupewa na mtu mwenye kalamu.

Kivukoni firimbi ikalia.
Nikambana kiganja mara mbili.
Akasimama, akaniangalia
kama aliyeambiwa siri ambayo kila mtu alikuwa nayo.

Usiku: i-i.
Nikainuka, nikamletea kiti.
Hakukikalia.
Alikiburura hadi dirishani, akapanda,
akatazama nje muda mrefu, sijui kitu gani.

*Alhamisi, saa mbili usiku. Kiti. Hakuuma.*