Kuunga

Karakana ya baba iko Kampemba,
nyuma ya duka la saruji, mahali ambapo hata mvua
hufika baada ya kuuliza njia.
Kizuri chajiuza, husema,
na mageti yake mazuri yakasimama uani
yakijiuza kwa kuku.

Mwaka jana nilimfungulia tovuti.
Picha kumi na mbili, nambari ya simu,
Ngoie Kabwita, fundi wa chuma.
Kisha nikajifanya mteja, nikaandika:
geti, Lubumbashi.
Ukurasa wa kwanza hayupo. Wa tatu hayupo.
Nilimkuta wa tisa, chini ya mtu wa Kolwezi
anayeuza mbuzi.

Akaja Glodi na kompyuta yake begani.
Viungo elfu moja, dola thelathini,
tovuti elfu zitakunyooshea kidole usiku mmoja.
Nikamwomba nizione hizo zenye vidole.
Kamari. Dawa za kukuza nywele. Kurasa za maneno
ambayo hata aliyeyapanga hawezi kuyasoma.

Baba alikuwa akisikiliza, kinyago kimepanda kwenye paji.
Hakusema kitu kuhusu mtandao.
Alivuta geti la fundi mwingine, lililoletwa limevunjika,
akaparuza rangi kwa ukucha:
chini yake hamna maungio, ni mastiki,
imepakwa, imelainishwa, imenyamaza.
"Mutoto," akasema, "rangi haibebake muzigo."

Basi nikachukua daftari lake la madeni
nikaanza kutembea kwa wale
wanaoshika chuma chake kila siku.

Mama Kashala wa Katuba ana mikate na ana ukurasa wa mikate.
Aliandika papo hapo, unga ukiwa bado vidoleni:
mlango wa tanuri langu umetoka kwa huyu,
na jina likawa njia, chini ya bei ya maandazi.
Masista wa zahanati walikubali siku ileile,
ila mwenye neno la siri alikuwa Likasi
na Likasi alikaa wiki tatu.
Kijana Kyungu, anayesomea uhandisi,
alitaka kuandika juu ya ngazi ya tangi la maji;
baba alijibu maswali yake mpaka jua likatua,
kazi ya mtu ikalala.

Kisha Direkta Mutonkole.
Shule yake ni ya zamani, tovuti yake husomwa na wazazi
mpaka walioko Kipushi. Akanitazama.
"Geti lenu linalia.
Kila asubuhi linalia, na watoto mia sita
wanaigiza mlio wake hadi kengele.
Unataka niandike kwamba nalipenda?"

Nilirudi nikiwa nimevimba.
Baba hakuvimba. Aliuliza tu:
linalia likifunguliwa, au likifungwa?

Jumamosi akabeba grisi na bawaba mbili mpya,
akalala chali kwenye tope jekundu la Novemba.
Hakutaja tovuti. Hakudai senti.
Jumatatu, mstari mmoja kwenye tovuti ya shule:
Geti letu, kazi ya Ngoie Kabwita, sasa halilii.
Nilisikia watoto walisikitika.

Tuko ukurasa wa pili. Nisiseme uongo: wa pili, katikati,
na yule wa mbuzi sijui alikwenda wapi.
Usiku, nikiunga mboga, huwa naliwaza neno hili
lililokuwa kinywani mwetu kabla ya nyaya:
kuunga chuma, kuunga mchuzi,
kuunga mtu mkono. Na kila mara
lazima pawe na moto mahali fulani.

Leo simu imelia, sauti nisiyoijua:
"Ndiyo kwa yule wa geti lisilolia?"
Umeme ulikuwa umekatika, mashine kimya,
baba amekaa juu ya ndoo anakula bukari.
Nikamwambia ndiyo.
Nikamwambia asubiri, ananawa mikono.