Fidia

Jumatano, soko la wanawake, Ibra.
Kati ya wanja, lesi na samli ya mbuzi
Bi Rayya aliniuzia sarafu mbili za shaba kwa riali tatu.
"Za Waturuki," alisema, "za kale."
Kisha akacheka: "Au za fundi wa Nizwa, za juzi. Mwalimu ni wewe."

Moja ina mpanda farasi aliyefutika uso.
Ya pili ina herufi za Kiyunani zinazomtaja amiri wa Kiislamu,
maana raia zake walikuwa Warumi
na mtawala huandika jina lake kwa hati inayosomeka sokoni.
Hiyo ni ya nyumba ya Danishmendi.
Mwenye farasi ni Seljuki wa Konya.

Miaka thelathini niliifundisha habari hii
kwa wasichana waliokuwa wakitazama saa.
Waturuki wote wawili, nikisema,
wote walishuka na mahema kutoka mawio,
kibla kimoja,
na kila mmoja akiuota usiku mji wa mwenzake.
Wakaja Wafaranki na misalaba mabegani.
Nyumba mbili zikauacha ugomvi mlangoni, kama viatu.
Zikaziba visima, zikachoma nyasi,
zikawaacha wageni walambe chuma cha kofia zao.
Zikashinda.

Lakini ngomeni mwa Danishmendi alikuwamo mateka,
mkubwa wa Wafaranki, na mateka mkubwa ana bei.
Fidia ilipokuja, Danishmendi akaipokea yote.
Seljuki akauliza: na nusu yangu?

Hapo ndipo kengele ilipokuwa ikilia.

Mwaka juzi kampuni ya barabara ilileta mashine
juu kabisa ya kisima mama cha falaji yetu.
Kaka zangu, Muhenna na Zahran,
ambao tangu utotoni hawajapatana hata juu ya chumvi,
walilala siku tano mbele ya magurudumu,
blanketi moja, birika moja la kahawa.
Mashine ikarudi nyuma. Barabara ikapinda.
Kwa mitende tisa iliyokwisha kung'olewa ikalipwa fidia.
Muhenna akaipokea yote.
Zahran akauliza.

Neno ni lile lile,
kwa mtu aliyefungwa na kwa mtende uliolala.
Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Mimi sina shamba. Nina sarafu.

Ikafika Idi. Shimo la shuwa ni moja kwa ukoo mzima,
alilichimba marehemu baba,
nalo halijui nani hasemi na nani.
Nyama ikapakwa viungo, ikaviringishwa majani ya mgomba,
ikashonewa ndani ya vifuko vya ukindu,
na kila nyumba hutia alama yake:
msumari, kijiko kilichopinda.
"Ghaniya, nifungie alama," akasema mmoja.
Akaenda. Akaja wa pili: "Ghaniya, nifungie."
Nikafunga kwa waya.
Seljuki kwa Muhenna, Danishmendi kwa Zahran.
Sikueleza.
Bati likawekwa, udongo ukamwagwa,
na kila moshi ulipochungulia tuliukanyaga.

Kesho yake vifuko vilitoka vyeusi.
Farasi haonekani. Kiyunani hakionekani.
Nilisugua kwa kidole, kwa mate, kwa pindo la kanga:
masizi tu.

"Hiki changu," alisema Muhenna.
"Hicho changu," alisema Zahran, "chako kilikuwa chembamba."
"Chembamba? Mimi nilitia bega zima!"
"Bega la kuku."

Maneno yao ya kwanza tangu barabara.
Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mafuta yakinishuka hadi kiwikoni,
sarafu zote mbili zimo kiganjani, bado za moto,
na sikumwambia mtu ipi ni ipi.
Wallahi hata mimi nilikuwa sijui.