Kipimo cha Kisoda

Chupa ya kahawia naisuuza mara tatu
kwa maji yaleyale ninayokwenda kuyashtaki.
Ndiyo taratibu: chombo kwanza kiuzoee mto.
Kisha naizamisha, mdomo ukitazama mkondo,
hapa Kigogo, Msimbazi unapopinda
kuyapisha matuta ya mchicha.

Mwenye matuta ni Sikudhani binti Pazi.
Kanga kaikaza kiunoni, bomba la kupulizia mgongoni
likimdondokea kisigino cha kushoto.
Namuuliza: bomba moja unalitia kiasi gani?
Ananionyesha kisoda, kimekunjika ukingoni.
"Viwili. Wadudu wakiwa wabishi, vitatu."
Naandika daftarini: visoda vitatu,
nikijua hakuna mashine duniani
iliyosawazishwa kwa kisoda.

Yeye anaiita dawa.
Sote tunaiita dawa: ya mchicha, ya mbu, ya kikohozi.
Neno moja, mlango mmoja,
mponyaji na muuaji wanapita wamevaa kanzu moja.

Maabara, ghorofa ya pili.
Lita nzima naichuja tone kwa tone
katika kijibomba kisichozidi kidole cha mtoto,
tope likabaki juu, harufu ikabaki puani,
kisha naikausha kwa pumzi ya naitrojeni
hadi mto wote, na povu lake la Vingunguti,
na mvua ya juzi,
uenee ndani ya kichupa kama cha wanja.
Mashine inameza. Inanguruma. Nangoja.
Dakika ya kumi na tisa mstari unainua kichwa:
kilima.
Chembamba, kama kichuguu kilichochomoza usiku.

Haba na haba, walisema, hujaza kibaba.
Hawakusema kibaba cha nini.

Lakini kanuni inadai pia chupa tupu:
maji safi, yasiyoujua mto,
yapite njia ileile, yatoke kimya.
Hayakutoka kimya.
Dakika ya kumi na tisa, kilima.
Kifupi, lakini kilekile.
Nikaosha vyombo upya. Kilima.
Nikabadili glavu. Kilima.
Dokta Mwakalukwa akanikagua toka juu hadi chini,
kama fundi anayetafuta bati linalovuja,
akauliza: "Hilo koti unalibebea nini?"

Mfuko. Mfuko mzuri wa nailoni, wenye zipu,
uliokuja na chandarua changu kipya, cha dawa.
Nilikitundika kitanda cha mwanangu, Tabata,
nikaona mfuko kuutupa ni hasara.

Sikudhani.
Siku ile jina la yule mama likawa langu.
Nimevuka mto mzima na barafu na daftari,
kumbe ushahidi mwingine nimeuvaa mabegani.

Tulianza tena. Koti jipya, chupa mpya,
na mimi mpya kidogo, mwenye aibu.
Maji safi yakatoka kimya.
Maji ya mto hayakutoka kimya.

Nikarudi Kigogo na karatasi yenye nukta na sifuri nyingi.
"Imo?"
"Imo."
"Kiasi gani?"
Sikuwa na kisoda cha kumjibia.
Nikasema: chukua pipa la lita mia mbili, lijaze,
kisha tia chembe moja ya chumvi. Moja tu.
Sikudhani akacheka hadi bomba likatikisika.
"Mboga hiyo haijakolea, mwanangu!"
Nikacheka pia. Kisha tukaacha, karibu kwa pamoja,
na mto ukaendelea kupita katikati ya maneno yetu.

Nilitaka kumwambia kwamba neno "haikuonekana"
halina maana ya "haimo",
kwamba mashine nayo ina upeo wa macho,
kwamba chembe ya leo haijui kuondoka
kabla ya chembe ya kesho kufika.
Nilimwambia avae viatu.

Akanitilia mafungu mawili, akakataa hela.
"Kaoshe vizuri," akasema, keshageuka,
bomba likidondokea kisigino kilekile.