Mji Ambamo Chumvi Hutota

Ngowa aliliweka begi juu ya meza yangu
kwa mikono miwili, uso kando,
kama mtu aletaye jogoo mgonjwa.
"Mwanakheri," akasema, "limepasuka bila kuanguka."
Hakuna kipasukacho bila kuanguka, nikamwambia.
Kilichoanguka huenda si gitaa.

Hapa Mwembe Tayari, juu ya duka la magodoro,
nimezoea magonjwa ya maji:
nyuzi zilizoota kutu, ukungu wa kijani ndani ya tundu,
daraja lililobanduka Aprili, gundi laini kama uji.
Huu ni mji ambamo chumvi hutota mezani
tukaitilia punje za mchele ipate kumwagika,
viatu vya Idi iliyopita vikaota ndevu kabatini.
Nani hapa amewahi kuogopa ukavu?

Nikalifungua.
Ufa umeshuka kutoka darajani hadi kitakoni,
mwembamba, umenyooka kama mstari wa mwalimu.
Nikapitisha kidole pembeni mwa shingo:
vyuma vikanikwaruza, ncha baada ya ncha.
Mbao imenywea.
Chuma hakijui kunywea.

"Ni jicho," Ngowa akasema. "Tangu nipate kazi ya hoteli kule Bamburi
kuna watu hawanisalimu."
Usiku linalala wapi?
Akajiweka sawa kitini, akatabasamu.
Wamelipa gitaa chumba.
Lake peke yake, karibu na stoo ya mvinyo,
ufunguo wenye nambari,
kiyoyozi kumi na saba, usiku na mchana, miezi mitano.
Yeye hulala Mishomoroni.
Gitaa hulala Ulaya.

Nikavuta pumzi. Mtu humvuaje mwenzake heshima aliyopewa?
Kile chombo hakitoi baridi tu, ndugu yangu.
Kinakamua.
Umeuona mpira ule nyuma ya ukuta
unaodondosha maji mchangani mchana kutwa?
Ulidhani maji yale yametoka wapi?
Mengine yametoka humu.
Nikaligonga kifua kwa fundo la kidole,
likajibu kama debe.

Sikutia gundi siku ile.
Ufa mkavu ukiuziba umeufunga na njaa yake.
Nikachukua kisahani cha sabuni, kile cha safari, chenye kifuniko,
nikakitoboa kwa msumari wa moto, matundu ishirini na kitu,
nikatia sifongo, nikailowesha, nikaikamua
hata tone lisidondoke,
maana kiu haitibiwi kwa mafuriko;
nikakilaza ndani ya begi, chini ya kichwa cha gitaa,
pamoja na kipimo kidogo cha watu wa kuangulia vifaranga,
nikafunga zipu.

Siku ya kwanza, thelathini na moja.
Siku ya tatu, arubaini.
Siku ya tisa, hamsini kasoro moja,
nikautafuta ufa kwa tochi
nisiuone mpaka nilipobonyeza.
Ndipo gundi. Ndipo kidole gumba, polepole,
na vibanzi vitatu kwa ndani, asipopaona mtu.

Alipokuja kulichukua nikamwambia arudishe ufunguo.
Akanyamaza. Akaitazama feni yangu.
"Kwangu mimi," akasema, "ukuta wa chumbani unatoka jasho.
Mkate haukai siku mbili. Kadzo ameapa atarudi kwao."
Vizuri, nikasema. Lisiguse ukuta.
Liache ndani ya begi, uvunguni mwa kitanda,
lipumue hewa hiyohiyo mnayoilaumu.

Wiki iliyopita kanipigia simu.
Chumba cha hoteli wamekipa jibini.
Kadzo anasema tangu azaliwe
hajaona mwanamume akiusifu ukungu.
Nyuma ya sauti yake nikasikia uzi wa tatu ukipigwa,
chini kidogo ya pale unapotakiwa,
mnene, ulioshiba.
Ukaze, nikamwambia, robo tu.
"Ngoja," akasema,
"nimsaidie Kadzo kuanua nguo."