Jumapili Usiku, Hull

Saa tatu. Mvua inagonga dirisha kama mdai.
Bi Noreen wa nyumba ya pili kaja
na biskuti zake, na miwani,
na hukumu mkononi: muuaji ni daktari.

Mimi kitabu nimekisoma mara tatu.
Muuaji namjua, kwa jina na kwa sumu.
Ila humu kwenye runinga wamempa macho ya upole,
wamempa na mbwa, ambaye kitabuni hayumo,
nami, wallahi, naanza kumtetea.

"Daktari," asisitiza Noreen.
Nanyamaza. Siri ya mtungi, kata ni mimi.
Enzi zake Shaweji angeropoka kabla chai haijapoa,
nikamrushia mto.

Mto upo.
Mpelelezi anawakusanya wote sebuleni.
Naukumbatia,
nangoja mtu wa kuniharibia.