Mkono wa Kanzu

Mama alikuwa na vitone midomoni,
vyeusi, kama mtu aliyekula zambarau
akasahau kujipangusa.
Bondeni nzima walimwita Bi Zambarau.
Urembo, walisema, kaumbwa nao.
Alikufa nina miaka tisa,
tumbo limewamba kama ngoma, anatapika nyongo,
na wajuao wakasema: chango.
Wakamchemshia mizizi.
Chango likashinda.

Nami sasa arubaini na mmoja,
fundi wa kanzu, Barabara ya Biashara,
vitone vyangu nimevificha kwa masharubu.
Miaka tumbo likinikata na kuniacha,
likinikata na kuniacha,
nikilaumu mbaazi, nikilaumu mahamri ya jana,
hadi Jumatano ile halikuniacha.
Siku tatu hakuna choo. Hata upepo.
Nikatapika kitu ambacho sitakitaja
mbele ya watu wanaokula.

Makadara, mpira puani,
Daktari Nyamvula akachora nyuma ya kadi yangu:
"Kuna kinyama kimeota ndani.
Utumbo umekishika ukidhani ni chakula,
ukakisukuma, nacho kikauburuta utumbo wenyewe.
Utumbo umemeza utumbo."
Nikamwambia: Daktari, hilo nalijua.
Ni mkono wa kanzu uliojirudi ndani kwa kufuliwa.
Ukiuvuta kwa pupa, wachanika kwapani.
Akanitazama.
"Basi nami sitauvuta kwa pupa."

Akakata nusu yadi, akaunganisha.
Mshono nimeuona. Nimeona mbaya kuliko huo.

Kisha kungoja.
Nesi Dzame kila apitapo na toroli:
"Umetoa upepo?" Bado.
"Umetoa?" Bado.
Wadi nzima ikajua: kitanda cha nane kinatazamiwa
kama mwezi wa Idi.
Usiku wa nne, kabla ya adhana, ukaandama,
si mkubwa, ila wa kusikika,
na Mzee Kombo, mguu wake umening'inizwa,
akaitikia gizani: Alhamdulillahi!

Siku ya kutoka, daktari aliuliza moja tu:
"Mama yako alikuwa na vitone hivi?"
Nikanyamaza.
"Una watoto?"
Ninaye mmoja.
"Akiwa navyo, mlete kabla hajaumwa.
Vinyama huondolewa vingali vidogo."

Jana nimemkuta Mwanatumu kibarazani
na bakuli la zambarau.
Nikachukua kipande cha melimeli, nikampangusa midomo.
Nikakitia maji, nikampangusa tena.
"Baba," akasema, "waniumiza."