Saa Isiyolishwa

Mshale wa sekunde umeanza kuruka
mbili, mbili,
kama mtu avukaye tope za Jadida.
Njaa hiyo. Mwezi mzima zamu za usiku,
mchana nimelala, na nitokapo
saa imejificha ndani ya mkono wa buibui.

Basi nikaitia jamvini, kati ya karafuu,
saa sita, jua la utosi.
Niliporudi kioo kilikuwa kikaango
na namba zimeingia weusi.

Fundi Shaame hakunicheka.
Aliipokea kwa kitambaa, akaiweka kivulini,
akangoja ipoe ndipo aseme:
"Nesi Raya, kwani hii karafuu?
Karafuu unataka ikauke, hii unataka ishibe.
Chakula chake mwanga, si moto.
Mla ubwabwa hatiwi chunguni."

Sasa nirudipo asubuhi
naivua kabla ya viatu,
naiegemeza dirishani, uso nje,
mgongo juu ya saruji
ambayo bado ina baridi ya usiku.
Naigusisha shavuni, kama nipimavyo
mtoto mwenye homa:
ikianza vuguvugu, naiondoa.
Siku ya mawingu naiacha mpaka alasiri.
Itakula kidogo kidogo.

Jana usiku, kitanda cha nne,
nilishika kifundo cha mkono
cha bibi mmoja wa Kangagani,
nikahesabu.
Mshale ulikwenda moja, moja, moja.
Moyo wake ndio uliokuwa ukiruka.